Bagamoyo nimeipenda, ile kamba ya hotelini ndo sijaisamehe

Hata shikamoo yule mlinzi wa hoteli hakumpa mzee wa watu. Naanzia hapo maana kila nikijaribu kuandika mambo ya chumba na kitanda najikuta nimerudi palepale. Imeshapita muda, ilikuwa wiki mbili tatu hivi baada ya Idi, ila nikikumbuka bado moyo unanichemka, mtanivumilia.

Nilienda Bagamoyo kupumzika siku tatu, nikafikia hoteli moja ya ufukweni, jina sitaji. Shuka safi, feni inazunguka, asubuhi chapati za maji laini balaa. Bei na picha mtajitafutia wenyewe, mie nna jambo moja tu, kamba waliyofunga ufukweni.

Siku ya pili nikasema leo sipandi boda wala bajaji, natembea kwa mguu. Maji yalikuwa yamekupwa, na Bagamoyo maji yakikupwa unabaki unajiuliza bahari imeenda wapi. Asije mtu akategemea yale maji ya bluu ya Nungwi kule Unguja, hapa mto Ruvu unamwaga tope lake hapo juu kaskazini, kwa hiyo maji yana rangi ya chai ya maziwa, ila kutembea raha, mchanga mgumu chini ya mguu, vikaa vidogo vinakukimbia vinaingia mashimoni. Nikaenda hivyohivyo mpaka soko la samaki. Kelele, mnada, wamama na makarai yao mafuta yanachemka. Nikakaa kwenye benchi la mama mmoja akanikatia pweza kwa kisu kilicholika katikati mpaka kimekuwa kama mwezi mwandamo, ndimu, pilipili, nikala nimesimamia ukucha.

Pembeni yake kuna mzee anashona wavu. Kaubana kwa kidole gumba cha mguu, mkono wenye sindano unaenda wenyewe wala hauangalii, macho yako kwangu. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, umetoka wapi, Dar, Dar ipi, Mbagala, aah basi wewe jirani tu. Tukapiga stori kama saa nzima. Akaniuliza mji nimeshauona, nikamwambia jana nimepita Ngome Kongwe, nimepita Boma la Wajerumani, nikaenda na kule misheni nikauona mnara aliolazwa Livingstone mwaka 1874 kabla hajavushwa Unguja. Mzee akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Mzungu yule kalala hapa usiku mmoja tu, tena maiti, kawekewa kibao. Mie nimelala hapa miaka sabini na ushee."

Basi nikanunua kwake changu watatu, elfu kumi, na kwa kuwa nyumbani kwake ni kupita hoteli yetu akasema twende njia moja. Nimeng'ang'ana kumpokea ndoo, kagoma katakata.

Sasa tunafika hotelini, maji yameshaanza kujaa, kuna kamba ya katani imefungwa kwenye nguzo, inashuka mpaka pale mchanga ulipolowa. Asubuhi wakati natoka niliiruka tu nikadhani ya kuanikia nguo. Mlinzi kijana wa miaka ishirini na kitu ananiona, meno yote nje, "karibu bosi". Halafu anamgeukia mzee. "We mzee, hapa hupiti, zunguka barabarani."

We mzee! Mtu anayeweza kumzaa baba yake! Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Mzee wala hakupandisha sauti, akamwambia mwanangu, mie hapa napita tangu hiyo kamba yako ni mkonge shambani. Kijana akajibu eti babu usinichoshe, hii beach ya wageni. Nikaingilia nikasema huyu yuko na mimi, akasema wewe pita bosi, yeye hapana.

Mzee akaangalia kamba inaishia wapi. Akapandisha kikoi, akaweka ndoo kichwani, akaingia baharini, taratibu kabisa kama mtu anayeenda kisimani. Mlinzi anaita, mzee toka huko! Mzee bila kugeuka, "Na baharini umefunga?" Nikavua ndala nikamfuata, suruali imelowa mpaka mapajani, tukapita mbele ya hoteli nzima majini, wageni wamelala kwenye vile vitanda vyao wanatupiga picha wanadhani labda ni mambo ya utamaduni. Upande wa pili akanikabidhi samaki, akasema mwanangu usigombane nao, akaenda zake.

Mie nikaenda kugombana nao. Sio mwanasheria, ila najua Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na hiyo kamba haijaacha hata sita. Meneja, dada mpole tu, akaniambia ni kwa usalama wenu. Usalama gani, wa kumwogopa mzee na ndoo ya changu? Na pale mapokezi ukutani wameandika kwa rangi nzuri kabisa BWAGA MOYO. Akaniletea juisi ya ukwaju ya pole. Juisi ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo, na jikoni wakakubali kunikaangia samaki wangu, nikaanza kupoa, nikasema labda nimekuza mambo.

Usiku nikamkuta yule kijana getini. Nikamuuliza kwenu hamuamkii wazee? Akainamisha kichwa, akasema bro, akipita mtu asiye mgeni mimi ndo nakatwa, mwezi uliopita nimekatwa mara mbili. Kwao mbali huko bara, hapa hana hata ndugu. Nikamwonea huruma kweli. Ila hata hivyo, shikamoo haikatwi mshahara jamani.

Basi kichwani nikawa nimewapa nyota nne. Chumba kizuri, chapati, ukwaju. Asubuhi naomba bili nasoma: malazi, maji makubwa mawili, halafu chini kabisa, "huduma ya samaki wa nje, 15,000". Samaki wenyewe elfu kumi!

Kwa hiyo Bagamoyo nendeni, tembeeni kwa mguu, na mkipita sokoni mkamkuta mzee anashona wavu kwa kidole cha mguu mnisalimie. Nikirudi nitalala gesti ya mjini. Hawa nawapa nyota mbili. Nilitaka kutoa moja, nikaogopa yule kijana asije akakatwa na hiyo nayo.