Kilengeo cha mbele cha inchi 0.500 kwa Marlin 336: tathmini ya mtu aliyenunua mara mbili

Bunduki ninayoizungumzia ni Marlin 336 ya risasi za .30-30, aina iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1948, ambayo risasi yake hupandishwa kwa kusukuma chini na kurudisha juu wenzo unaozunguka kifyatulio. Ilikuwa ya marehemu baba, naye aliitumia kulinda shamba letu la Muheza dhidi ya nguruwe mwitu wanaofukua mihogo, kisha nami nikaombewa kibali kwa jina langu. Macho yangu hayakuwa tena na uwezo wa kuona vizuri kilengeo cha nyuma chenye mfuo, kwa hiyo mwaka jana fundi mwenye leseni alikiondoa na kufunga kilengeo cha tundu juu ya kifua cha bunduki, yaani sehemu inayobeba mitambo ya kufyatulia. Tundu lenyewe ni zuri sana, na sina la kulilaumu. Tatizo ni kwamba linakaa juu kuliko mfuo wa zamani, na hata nilipolishusha mpaka mwisho wa skrubu yake, risasi ziliendelea kugonga sentimita 15 juu ya alama kwa umbali wa mita 50. Hapo ndipo ilipobidi nibadilishe kilengeo cha mbele, yaani kile kinundu kidogo kilicho karibu na mdomo wa mtutu.

Muuzaji wa kwanza, ambaye alikuwa mwepesi wa kujibu kuliko kufikiri, aliniambia kwamba kwa kuwa risasi zinapanda, nichukue kilengeo kifupi zaidi. Nami nikakubali, maana maneno hayo yana sura ya ukweli. Kilipofika kile cha inchi 0.375 na kufungwa, risasi zilipanda mpaka sentimita 22. Nilipompelekea mkereza vyuma wa Ngamiani, mjini Tanga, vilengeo vyote viwili ili anipimie kwa kalipa yake (bunduki niliiacha nyumbani, kama inavyopasa), alivigeuza kwenye kiganja, akacheka, akasema, "Mzee, umenunua kinyume." Kisha akashika penseli kama mtutu na kunionyesha: kinundu cha mbele kikiwa kirefu, mpigaji hulazimika kuuinamisha mdomo wa mtutu ili kinundu hicho kirudi katikati ya tundu, na mtutu ukiinama risasi hushuka. Kikiwa kifupi, mtutu huinuliwa na risasi hupanda. Kwa kilengeo cha nyuma mambo ni kinyume chake, kwani kukiinua huinua risasi.

Baada ya aibu hiyo nilikaa chini na kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzoni, na ambayo haimhitaji mtu aliyesoma sana. Unachukua kiasi ambacho risasi zimekosea, unakizidisha kwa umbali uliopo kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele, kisha unagawanya kwa umbali wa shabaha, vyote vikiwa katika kipimo kimoja. Kwangu, kutoka kwenye tundu hadi kwenye kinundu ni milimita 620. Hivyo milimita 150 mara 620, ukigawanya kwa milimita 50,000, unapata takriban milimita 1.9. Kilengeo cha awali kilikuwa na kimo cha milimita 10.4, kwa hiyo nilihitaji kitu cha milimita 12.3 hivi. Kwa maneno mengine, kila milimita moja ya kimo huisogeza risasi yangu sentimita 8 kwa mita 50, na mtu anayesema nusu milimita si kitu ajue kwamba anazungumzia sentimita 4. Angalizo kwa wale ambao bado wanatumia mfuo wa zamani ulio juu ya mtutu: umbali kati ya vilengeo vyao ni mfupi zaidi, kwangu ulikuwa kama milimita 410, na hapo milimita moja huhamisha risasi sentimita 12. Kwa hiyo hesabu ya jirani isichukuliwe kama ilivyo, hata kama bunduki zenu zimetoka kiwanda kimoja.

Vilengeo hivi havitengenezwi kwa kila kimo. Muuzaji wa pili alikuwa na cha inchi 0.450, ambacho ni milimita 11.4, na cha inchi 0.500, ambacho ni milimita 12.7. Nilichagua kile kirefu, kwa sababu kilengeo cha tundu nilikuwa nimekishusha mpaka mwisho na hakikuwa na nafasi ya kushuka tena, lakini kupanda kilikuwa na nafasi tele. Mwenye kilengeo cha ubapa, yaani kibamba chembamba kisicho na kichwa, anaweza kukipunguza kwa tupa kidogo kidogo mpaka risasi zipande alipotaka. Hiki changu kina kichwa cha shaba ya njano, na ukikisugua kwa tupa unakula shaba yenyewe na kuharibu umbo lake.

Lawama yangu kwa bidhaa hii ni moja. Maandishi ya pakiti yanataja kimo bila kueleza kinapimwa kuanzia wapi, kwenye kitako kinachozama ndani ya mfereji uliochongwa kukishikilia kilengeo au kwenye uso wa mtutu, na tofauti kati ya vipimo hivyo viwili inatosha kuvuruga hesabu yote. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, au pima kilengeo chako cha zamani kwa njia ileile anayotumia yeye.

Kufunga hakukuwa kazi ya kujaribia nyumbani. Mfereji ni mpana chini na mwembamba juu, na kitako cha kilengeo kipya kilikuwa kinene kwa unywele. Fundi alihakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, akaifunga kwenye jiliwa lenye kitambaa, akakigonga cha zamani kutoka kushoto kwenda kulia kwa kipande cha shaba, kisha akapunguza kitako cha kipya kwa tupa. Mfereji wenyewe hakuugusa, kwa sababu kilengeo kikiharibika kinanunuliwa kingine. Kofia ya chuma inayokinga kilengeo haikuingia tena kwa sababu ya urefu wa kilengeo kipya, na hilo linanikera, kwani ukipita vichakani kinundu hakina kinga.

Kwenye uwanja wa shabaha, nikiwa nimeegemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga na kutumia risasi za uzito uleule ninaotumia shambani, kundi la kwanza la risasi lilishuka chini ya alama kwa takriban sentimita 4, karibu kabisa na hesabu. Nikapandisha tundu kidogo, na kundi likakaa kwenye alama. Kichwa cha shaba huonekana vizuri alfajiri chini ya michungwa, wakati kilengeo cheusi hupotea kabisa. Hata hivyo, jua la ubavuni likikipiga, upande mmoja hung'aa, jicho huuchukua upande huo kama ndio kinundu kizima, na risasi hukimbilia upande ulio mbali na mwanga. Kwa hewa ya chumvi ya hapa Tanga, shaba hufubaa baada ya wiki chache. Mtu asithubutu kuisugua kwa ndimu kama tunavyosugua masinia, maana majimaji yake yakiingia kwenye mfereji chuma kitashika kutu. Kitambaa kikavu kinatosha.

Ningekinunua tena hiki cha inchi 0.500 bila kusita. Kile cha inchi 0.375 bado kimo kwenye droo, hakina kasoro yoyote, na mwenye bunduki inayopiga chini ya alama anaweza kuja kukichukua.