Raynox DCR-250 kwenye baridi ya Menengai: klipu hii imenimaliza!

Habari zenu watu wangu, karibuni tena. Niko ukingoni mwa Menengai, Nakuru ndiyo ile chini imefunikwa na ukungu, na mkononi nina kile mnachoniuliza kila siku kwenye maoni: Raynox DCR-250, lenzi ndogo ya kubandika mbele ya lenzi ya kamera ili kupiga vitu vidogo kwa karibu. Habari za boksi na uzito mtasoma wenyewe. Mimi nataka mwone klipu, yaani kile kibanio chake cha kushikia lenzi, maana hii klipu, jamani, imenimaliza!

Angalieni mkono. Pembeni kuna vibonyezo viwili, huku na huku. Nabana hivi, naweka mbele ya lenzi, naachilia. Tap! Imeshika. Nabana tena, imetoka. Sasa bila kuangalia... tap! Na glavu je? Tap! Hakuna kuzungusha kitu, hakuna kufungua lenzi. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi hii ya Julai, na bado imekaa sawa.

Haraka ya nini? Kipupwe kinatupa nafasi fupi. Wadudu wengi miili yao hufuata joto la hewa, ndiyo maana kereng'ende huyu hapa ametulia kwenye unyasi, umande umemjaa hadi machoni. Jua likimpata atatetemesha mabawa kupasha misuli, kisha huyoo!

Hebu tumwone. Lenzi yangu ni ile ya kawaida ya milimita 55–200, nimeivuta hadi 200. Raynox ina nguvu ya dayopta 8 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), yaani fokasi ya milimita 125. Gawanya 200 kwa 125, unapata ukuzaji wa mara 1.6. Sasa nasogea mimi mwenyewe, taratibu, mbele kidogo... nyuma... hapo! Oneni tone lile la umande juu ya jicho, na ndani yake nyasi zimepinduka juu chini. Ona hilo! Mabawa yamefifia, ndiyo. Hata nikibana tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/11, yaani dogo, sehemu inayotoka wazi haifiki milimita moja. Hiyo ni tabia ya picha za karibu, lenzi yoyote utakutana nayo.

Kuna wanaoniambia ninunue mirija ya kurefusha, ile inayowekwa kati ya kamera na lenzi, ni bei nafuu. Kwenye lenzi ya 50 iko sawa kabisa. Kwenye 200, mrija wa milimita 36 hauongezi ukuzaji hata mara 0.2. Na lazima ufungue kamera kwenye ukungu na vumbi. Duka moja liliniuzia isiyo na miguso ya umeme, tundu halibadiliki kutoka kwenye kamera, na kurudishiwa pesa wakakataa. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, ondoka.

Nyinyi mlioko Kanada na Uingereza, mnaouliza kuhusu theluji: inafaa. Iacheni kamera nje ipoe kwanza, pokeeni theluji kwenye kitambaa cheusi cha sufu, na msiipumulie. Wilson Bentley kule Vermont, Marekani, alipiga picha ya chembe ya theluji mwaka 1885, kamera ameiunga kwenye hadubini. Chembe ya milimita 3 kwa kifaa hiki itajaza karibu moja ya tano ya upana wa picha kwenye kamera yenye kihisi kidogo kama yangu. Nitumieni, nitazionyesha hapa.

Video ya vipepeo vya msitu wa Kakamega inakuja, mvua tu ndiyo imetuchelewesha. Bonyezeni kengele.

Bei! Nje ni karibu dola 80, halafu uongeze usafiri na ushuru. Si pesa ndogo, lakini lenzi kamili ya makro, iliyotengenezwa kwa picha za karibu, itakutoa mara kadhaa ya hiyo. Ila kabla hujaagiza, soma nambari iliyo mbele ya lenzi yako, baada ya alama ya duara lenye mstari. Klipu inashika kuanzia milimita 52 hadi 67. Ukiwa na 72 au 77 haitashika, kwa hivyo tafuta kwanza pete ya kupunguza kipimo.