Seti ya Kutengenezea Mvinyo Nyumbani: Misimu Miwili ya Majaribio Dodoma

Mwezi Agosti mwaka jana, mimi na mume wangu tulinunua seti ya kutengenezea mvinyo nyumbani kwa shilingi 185,000 kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam, ambaye aliituma kwa basi tukaipokea kesho yake Stendi Kuu, Nzuguni. Ndani ya boksi mlikuwa na ndoo ya lita 30 yenye mfuniko, vali ya kutolea hewa, haidromita ya kioo (kifaa kinachoelea kwenye juisi na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji, ambao hupanda kadiri sukari inavyokuwa nyingi), mpira wa kunyonyea, pakiti mbili za hamira ya mvinyo, vidonge vya salfaiti vya kuzuia vijidudu na kijitabu cha maelekezo. Mizabibu ya huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hadi sasa tumeijaribu seti hii katika mavuno mawili tofauti, na yametupa matokeo tofauti kabisa.

Kasoro kubwa kuliko zote imo katika kijitabu. Kimeandikwa kwa Kiingereza kitupu na kwa mtu anayeishi nchi ya baridi anayetumia juisi nzito ya kopo, wala hakimfikirii mtu aliyerudi kutoka Hombolo na kreti za zabibu nyekundu za Makutupora nyuma ya bajaji. Hakisemi lolote kuhusu maganda, ilhali rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka humo, na maganda hayo husukumwa juu na gesi hadi yakafanya tabaka nene ambalo lazima lizamishwe angalau mara mbili kwa siku ili lisikauke na kuota ukungu. Jambo hilo tulilijua kwa sababu mzee aliyetuuzia zabibu, baada ya kumwamkia na kumweleza nia yetu, alituketisha kwenye kivuli cha mwembe akatufundisha kwa subira. Bila yeye, kilo 24 tulizonunua zingeharibika ndani ya wiki moja.

Kijitabu hicho hicho kinaagiza ndoo ifunikwe blanketi na kuwekwa mahali penye joto. Tulitii, nakiri kwa aibu kidogo. Siku ya pili povu lilikuwa likipanda kwa kasi ya kutisha, na tulipopima joto tukakuta nyuzi 34, kiwango ambacho hamira huanza kutaabika na mvinyo kupoteza harufu ya tunda. Mume wangu alitoa blanketi, akaisimamisha ndoo ndani ya karai la maji na kuizungushia gunia bichi, na kwa kuwa upepo wa Agosti hapa ni mkavu, maji yaliyokuwa yakivukizwa kutoka kwenye gunia yalishusha joto hadi nyuzi 26 kufikia jioni. Tangu hapo gunia lilikuwa likimwagiwa maji asubuhi na jioni. Kwa maoni yangu gunia lile lilifanya kazi kubwa kuliko nusu ya vitu tulivyovilipia.

Haidromita, kwa upande wake, ninaisifu bila kusita. Ilifika salama, imefungwa vizuri, na ndiyo iliyotutoa katika kubahatisha. Siku ya kwanza ilisoma 1.088 na baada ya siku kumi ikasoma 0.996, tofauti ambayo ni sawa na kilevi cha karibu asilimia 12. Mtumiaji wa Dodoma akumbuke tu kwamba kifaa hiki kimepimwa kwa nyuzi 20, na juisi yenye joto zaidi ya hapo husomeka chini kidogo kuliko uhalisi wake. Baada ya kukamua machicha na kuhamisha mvinyo mara mbili ili kuyaacha mashapo yake chini, tulibaki na lita 14. Ulikuwa mkavu, wenye ukakasi wa wazi, na kufikia Krismasi ulikuwa umetulia kiasi cha kuwekwa mezani mbele ya wakwe bila wasiwasi.

Mavuno ya Machi yalitushinda. Mvua ilikuwa imezipa zabibu maji mengi, haidromita ikasoma 1.074, nasi tukaongeza sukari kwa hesabu ya gramu 17 kwa lita kwa kila asilimia moja ya kilevi tuliyoitaka. Hamira ya pakiti ya pili haikutoa povu hata tulipoijaribu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, pengine kwa sababu ilikaa kwenye joto kabatini mwetu miezi yote hiyo, na kosa hilo ni letu. Lakini mfuniko si kosa letu. Mpira wake ulipasuka kwenye ukingo, hewa ikaingia, na ndani ya majuma matatu lita kumi na moja zikageuka siki. Muuzaji alijibu kwamba hauzi mfuniko peke yake, bali tununue seti nyingine, jibu ambalo kwa bidhaa ya bei hiyo sikulitegemea.

Siki tunaitumia kwenye kachumbari, na majirani wameigawana. Mfuniko tumeuacha: tumenunua Soko la Majengo ndoo ya chakula inayofunga barabara, fundi akatoboa tundu kwa ajili ya vali, na tulipoijaribu kwa maji haikuvuja. Anayeishi Dodoma na kutaka kuanza, ningemshauri atafute haidromita, vali na hamira mbichi kivyake, na seti nzima aiache dukani. Zabibu za Agosti tumekwisha kuziagiza kwa yule mzee wa Hombolo, kilo 30 safari hii, na gunia limeoshwa.