Uzoefu wangu na vikombe vya kioo kwenye laini ya kilovoti 132

Nimepanda minara ya umeme kwa miaka 11. Mitano ya mwanzo nilihudumia laini ya vikombe vya kauri, yaani vihami vinavyounganishwa kama mnyororo ili kuning'iniza waya na kuuzuia umeme usiingie mnarani, kisha nikahamishiwa kwenye laini iliyofungwa vya kioo. Sitamani kurudi kule, na sababu kubwa ni moja: kikombe cha kioo kikifa, unakiona.

Kauri hupasukia ndani, chini ya kofia ya chuma, huku nje ikiendelea kung'aa. Usiku mmoja wa mvua laini yetu ilikatika mara kadhaa. Kulipokucha tukaizima, tukapanda mnara baada ya mnara tukipima kikombe kimoja kimoja kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama kikombe bado kinazuia umeme. Jioni ya siku ya pili ndipo tukapata mnyororo wenye vitatu vilivyotoboka ndani, vyote vinaonekana vipya kabisa. Kwenye kioo, kazi hiyo naifanya kwa darubini nikiwa nimesimama chini.

Kioo chenyewe si kile cha dirishani. Kiwandani hupashwa moto hadi kikaribie kulainika, kisha hupulizwa hewa baridi kwa nguvu. Ngozi ya nje hutangulia kuganda; kiini kikija kupoa hutaka kusinyaa, kikaivuta ile ngozi na kuibana. Kwa mbano huo ufa hauanzi kirahisi, ila ukishapenya, sahani nzima humomonyoka papo hapo ikawa punje. Ama ni kizima, ama ni kisiki: kofia ya juu na pini ya chini, bila sahani.

Na kisiki hakiangushi waya. Vyetu vina kipenyo cha milimita 255 na vimepimwa kwa kilonewtoni 120, yaani mvuto wa takribani tani 12. Sahani ikishamwagika, kioo kilichobanwa kati ya kofia na pini hubaki kimeshika sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Tumewahi kuwa na kisiki kimoja kwenye mnyororo wa vikombe 9. Vile 8 vikabeba msongo wa umeme mpaka siku ya matengenezo iliyopangwa. Visiki vikifika viwili au vitatu kwenye mnyororo mmoja, hapo sisubiri.

Kasoro zipo. Vinavutia mawe: minara iliyo kando ya njia za watu ndiyo inayonimalizia akiba. Ukingo ukigongwa wakati wa kupakua, kikombe kinaweza kulipuka mkononi, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima hata ghalani. Vumbi na chumvi navyo havichagui kauri wala kioo. Umande ukilowesha uchafu ule, umeme hutambaa juu yake, na ukisimama chini alfajiri unausikia ukichachatika. Tulivyofunga kwanza vilikuwa vya kawaida, vyenye mbavu fupi chini. Sehemu ya vumbi vilitusumbua mpaka tukavibadilisha kwa vyenye mbavu ndefu, ambavyo huurefushia umeme njia ya kutambaa.

Kabla ya kupokea mzigo, mimi hutazama pini pale inapoingia kwenye saruji. Nataka kuona pete ya zinki inayoikinga pini, kwa sababu kutu ya pini huanzia hapo, nayo ikivimba hukipasua kioo ambacho hakina kosa lolote. Kwa laini iliyo karibu na bahari, visivyo na pete hiyo ninavirudisha.