Kipima unyevu cha kukaushia rozela, mchaichai na mlonge: kipi ununue Dar es Salaam, kipi ukiache dukani

Malalamiko ya mwezi huu yanafanana kama mapacha. Msomaji wa Mbezi Beach kaanika rozela siku sita, kajaza mtungi wa kioo, kipimo cha ndani kikasoma unyevu wa asilimia 58, akafunga kwa amani. Siku ya tisa akakuta utando mweupe kama pamba umeshika kwenye maua. Wa Kigamboni ni majani ya mlonge: kipimo 57, mtungi unanuka gunia lililolowa. Wote wawili wanauliza walikosea wapi kwenye kuanika. Nikawaomba wakijaribu kipimo kwa chumvi, usiku mmoja tu (namna yake iko hapo chini). Palipotakiwa kusomwa 75, cha Mbezi kikasoma 67, cha Kigamboni 66. Hawakukosea namna ya kuanika, walifunga mapema tu. Kidude ndicho kilichowadanganya, na walikilipia.

Kwa hiyo humu sitazungumzia ukubwa wa skrini, wala saa, wala kengele, wala kikaragosi kinachotabasamu hewa ikiwa nzuri. Nina swali moja tu kwa kila kipimo: kinasema ukweli kati ya 55 na 75, na kikipotoka unaweza kukisahihisha?

Eneo hilo ndilo lenye uhai wote wa kazi yetu. Ukifunga majani makavu kwenye mtungi usiopitisha hewa na kuuacha saa 24, hewa ya ndani hulingana na unyevu uliobaki kwenye majani. Kipimo kikisoma chini ya 60, weka kabatini. Kati ya 60 na 65 uko ukingoni. Kikipita 65, baadhi ya kuvu huanza kupata maji ya kutosha kuota. Sasa piga hesabu: kipimo kinachopungukiwa na 8 kinakuonyesha 58 wakati mtungi uko 66. Pengo zima kati ya salama na hasara limemezwa na kosa la kifaa. Na usione ni suala la ladha tu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu ile haiondoki kwa kupepeta wala kwa kuchemsha.

Jaribio la chumvi halina gharama, na hakuna muuzaji anayekwambia habari zake. Chukua kizibo cha chupa ya maji, jaza nusu yake chumvi laini ya mezani, dondoshea maji tone kwa tone mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni maji yakishajitoa: imelowa, lakini chembe zinaonekana na hakuna maji yanayoelea. Ikiyeyuka yote umezidisha maji, ongeza chumvi. Weka kizibo na kipimo ndani ya mtungi mdogo wa kioo wenye mfuniko unaobana, visigusane, funga, weka kivulini mahali ambapo joto halipandi na kushuka. Subiri saa 12, na 24 ni bora zaidi. Hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75, na iwe nyuzi 25 au 30 tofauti haifiki asilimia moja. Usitumie chumvi ya mawe ya bahari, ile ya Bagamoyo. Ina mabaki ya magnesiamu, nayo hushusha usomaji, kisha utakilaumu kipimo kizima bure.

Hapo unapata pengo lako. Kama kimesoma 69, kinapungukiwa na 6. Pengo la kwenye 75 si lazima liwe lilelile kabisa ukishuka kwenye 58, lakini ndilo la karibu zaidi unaloweza kulipata jikoni, na ni bora mara mia kuliko kuamini boksi.

Kuna la pili, na hili ndilo hasa la mji wetu. Kihisi cha unyevu cha aina inayotumika kwenye vifaa hivi kina utando mwembamba wa plastiki unaonyonya na kutoa mvuke. Sensirion, kampuni ya Uswisi inayotengeneza vihisi vya namna hii, yenyewe inaeleza kwamba kihisi kikikaa juu ya asilimia 80 kwa muda mrefu husogea juu, karibu asilimia 3 baada ya saa 60, kisha hurudi polepole kikipata hewa ya kawaida. Saa 60 juu ya 80 ni jambo geni kwa mtu wa Dodoma. Kwa mtu wa Msasani wakati wa masika ni wikiendi ya kawaida. Kipimo kilichotundikwa ukutani jikoni mwezi Aprili mzima kimeshalowa kabla hujakitia mtungini. Ndiyo maana sikipi nafasi ya juu kipimo kisichosahihishika, hata kama kilitoka kiwandani kikiwa sawasawa: hapa pwani lazima kitapotoka, na utarudi kwenye kizibo cha chumvi kila baada ya miezi mitatu.

Basi mpangilio wangu ni huu.

Wa kwanza, na sioni haya kusema naipendelea, ni Govee. Miundo miwili inatufaa. H5075 ina skrini na hutumia betri mbili nyembamba za AAA. H5074 haina skrini, ni kadogo kanakopita kwenye mdomo wa mtungi, na husomwa kwenye simu kwa Bluetooth. Usahihi unaotangazwa ni asilimia 3 juu au chini. Kilichonifanya niiweke juu ni sehemu ya kusahihisha iliyomo kwenye programu yake: umepima kwa chumvi, imesoma 72, unaingiza +3, imekwisha. Halafu kifaa hujiwekea kumbukumbu ya siku 20 chenyewe hata simu ikiwa mbali, kwa hiyo unaiona picha ambayo jicho haliwezi kuipata. Rozela ndiyo inayoonyesha thamani ya jambo hili. Maua yake yamenona: nje yanakauka mpaka yanalia yakibonyezwa, ndani bado yana maji. Unafunga saa kumi jioni kipimo kikisoma 54, unafurahi. Kufika alfajiri mstari kwenye simu umepanda, 59, 63, na mchana wa pili umefika 67 kwa sababu maji ya ndani yametoka nje. Aliyechungulia mara moja tu jioni ile ameona 54 na amelala. Mwenye mstari anairudisha rozela kwenye kikaushio siku inayofuata, na haipotezi.

Kasoro za Govee ni mbili. H5074 hutumia betri nene ya CR2477, si ile CR2032 iliyozoeleka, kwa hiyo nunua ya akiba siku hiyohiyo. Na Bluetooth hupita kwenye kioo na plastiki lakini kopo la bati huikaba. Tumia mtungi wa kioo, ambao hata hivyo ndio unaofaa.

Wa pili ni SwitchBot Meter. Kihisi chake ni cha Uswisi, hutangazwa kwa asilimia 2, betri AAA mbili, nacho hutunza kumbukumbu. Ukikipata kwa bei iliyo karibu na ya Govee, chukua bila wasiwasi. Kimekuwa cha pili kwa sababu ni kipana, kinafaa zaidi kukaa kwenye kikaushio kuliko mtungini.

Wa tatu ni kile cha mraba cha Xiaomi Mijia, LYWSD03MMC. Upana wake ni milimita 43, betri ni CR2032 hiyohiyo ya rimoti ya gari, na kihisi chake ni kizuri kuliko bei inavyopendekeza. Shida ni ileile ninayoililia: programu yake ya kawaida haikupi pa kusahihisha. Fanya jaribio la chumvi, andika pengo kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta, bandika pembeni mwa skrini, mbali na vitundu vya hewa. Nasisitiza mbali na vitundu, maana gundi mbichi hutoa mvuke, na mvuke wa kemikali huharibu utando wa kihisi. Kwa sababu hiyohiyo usikiache kipimo chochote miezi na miezi ndani ya mtungi wa karafuu. Pima, toa, funga.

Wa nne, ThermoPro TP49. Kinaaminika, betri moja ya AAA, lakini hakisahihishiki wala hakina kumbukumbu. Kwa anayekausha mchaichai tu kinatosha, kwa kuwa jani jembamba halina siri kama rozela: linachosoma leo ndicho litakachosoma kesho.

Vya kuacha dukani ni hivi. HTC-1, ile nyeupe yenye saa: asilimia 5 juu au chini. Vidude vyeusi vya mstatili vyenye betri mbili za LR44: vivyo hivyo. Vya mshale vyenye springi: acha.

Ukishapata kipimo, nunua cha pili kilekile. Si anasa. Kimoja kikae mtungini, kimoja chumbani, kwa sababu ushauri unaozunguka wa "fungua mtungi kila siku upumue" umeandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu. Dar hewa ya alfajiri mara nyingi iko juu ya 85. Ukifungua mtungi uliosoma 62 saa kumi na mbili asubuhi, unauongezea maji, huupunguzii. Fungua saa nane mchana, jua likiwa kali, na ufungue tu kama kipimo cha chumbani kinasoma chini ya cha mtungini. Kama cha chumbani kiko juu, usifunue hata kwa dakika moja. Rudisha majani kwenye joto.

Na joto lenyewe linapimika. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa 80, ukiipasha mpaka nyuzi 38 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka mpaka karibu 43. Hiyo ndiyo kazi ya sanduku lenye balbu au kikaushio cha jua chenye plastiki nyeusi: hakifukuzi maji kwa ubabe, kinaipa hewa nafasi ya kubeba. Majani kwenye ungo barazani wakati wa masika hayawezi kushuka chini ya hewa inayoyazunguka, hata yakae wiki mbili. Yakikaa kwenye 78 yatabaki hapo, kisha yataota ukungu yakikusubiri. Kipimo cha kikaushioni kiweke karibu na tundu la kutokea hewa, si kwenye la kuingilia. Kikisoma sawa na cha chumbani au juu yake huku joto liko 38, hewa haitembei, ongeza tundu.

Sasa wauzaji. Boksi nyingi za vipimo vya bei nafuu zimeandikwa 1% kwa herufi kubwa, na muuzaji wa Kariakoo anakunyooshea kidole hapo: "Dada, hii inakosea asilimia moja tu." Hiyo 1% ni hatua ya kusoma. Ina maana skrini inaruka kutoka 57 kwenda 58, haina maana kwamba 58 ni ya kweli. Usahihi umeandikwa nyuma kwa herufi za sisimizi, ±5%, na kwenye boksi nyingine haupo kabisa. Hili linaniumiza kwa sababu anayenunua ni mama anayeuza majani ya mlonge kwa pakiti. Mtungi mmoja ukivunda amepoteza mtaji, na wateja hawarudi.

Kuna na kile kidude cheusi ambacho si kipima unyevu kabisa. Kina umbo lilelile, skrini ileile, ila kinasoma joto peke yake. Kipo kwenye kasha moja na ndugu zake, na mteja anapewa chochote kilichokuja mkononi. Kabla hujalipa, hakikisha kwenye skrini kuna namba mbili na mojawapo ina alama ya asilimia. Kisha pulizia pumzi kwenye vitundu: namba ya unyevu ipande ndani ya dakika moja, ishuke yenyewe baada ya muda mfupi. Isipopanda, rudisha. Muuzaji akikukataza kujaribu hapo dukani, ondoka na hela yako.

Bei nazo zinatofautiana kwa namna isiyoelezeka. Kifaa kilekile, mtaa uleule, maduka mawili yanayotazamana, moja linataka karibu mara mbili ya lingine kwa sababu limeongeza neno "orijino". Kwa Govee na Xiaomi, uliza namba ya muundo na uisome mwenyewe mgongoni mwa kifaa, si kwenye boksi.

Mwenye HTC-1 tayari asiitupe. Ijaribu kwa chumvi, iandike pengo lake, itundike karibu na ungo ikuonyeshe saa ambayo hewa ya mchana imeshuka chini ya 65. Masika ikianza, itoe ukutani, ifungie kwenye mtungi wenye vifuko viwili vitatu vya silika (vile vinavyonyonya unyevu) vilivyokauka, na uitoe pale tu unapoihitaji.