Ngazi za pembeni za Hilux: nimenunua seti tatu ili mama apande gari

Mwezi wa nne mwaka juzi, masika imeshika, mama yangu alishindwa kupanda gari langu. Aliweka mguu wa kulia kwenye ile ngazi ya aluminiamu niliyoinunua kwa mbwembwe Kariakoo, goti likagoma, kandambili ikateleza, akakaa kwenye tope na kanga yake ya kliniki. Hakuumia. Aliniangalia kutoka pale chini akasema, "Baba, hii gari umenunua ya kubebea kabichi, usinidanganye."

Hakukosea. Ni pikapu, Hilux Vigo dabo kebini ya milango minne, nanunulia mboga vijijini huku juu Lushoto na kuzishusha Mombo, hoho na karoti zikapakiwe fuso la Dar. Springi za nyuma nimeziongezea vyuma kwa ajili ya mzigo na tairi ni kubwa kuliko zile lililokuja nazo. Nikipima kwa tepu, kutoka ardhini hadi chini ya mlango ni sentimita 61. Mimi mwenye miguu mirefu sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo. Mtu wa miaka 70 na ushee mwenye magoti mabovu, huo ni mlima kabla ya mlima.

Basi nimetumia seti tatu za ngazi ndani ya miaka miwili, na nimepata hasira za kutosha kuandika. Kuna watu wanaziita saidi stepu, wengine vikanyagio. Kwa fundi ukisema "ngazi za pembeni" anakuelewa.

Seti ya kwanza ndiyo ile ya aluminiamu, bapa, pana, na mistari ya raba nyeusi juu. Nzuri kwa macho, hilo sibishi. Muuzaji, pale Gerezani ubavuni mwa Kariakoo, aliniambia inaingia Hilux zote. Ukiambiwa hivyo, rudisha pesa mfukoni. Urefu wa ngazi unatakiwa ufuate milango: dabo kebini na singo kebini ni vitu viwili, na Vigo na Revo iliyokuja baada yake haziko sawa chini. "Inaingia zote" maana yake umepewa vyuma vya kushikia vyenye matundu marefu, fundi asukume huku na huku mpaka kitu kikae. Yangu ilikaa, lakini ilishikwa kwenye ule ukingo mwembamba wa bati chini ya milango, haikufika kwenye chesisi, lile fremu la chuma linalobeba gari zima. Bati hilo halikutengenezwa libebe mtu. Kijana wangu wa kupakia, ambaye hafiki kilo 70, akisimama mwishoni karibu na tairi la nyuma, ngazi ilikuwa inashuka karibu sentimita tatu na kujipinda kwa nje. Mguu unaoshukiwa na ngazi unateleza wenyewe, raba iwepo isiwepo. Na tope la huku, lile jekundu, likishajaa kwenye mistari ya raba unakanyaga sabuni.

Jingine niliona siku ya kuzifungua. Ngazi pana namna ile, iliyogusana na bodi, inageuka sinia: tope linakaa kati ya ngazi na bati, halikauki wiki nzima. Na pale boliti za chuma zilipogusana na aluminiamu bila washa ya plastiki, kile kipete cha kutenganisha, katikati, aluminiamu ilikuwa imeliwa, ina unga mweupe. Vyuma viwili tofauti na maji katikati, kimoja lazima kiliwe.

Seti ya pili nilitengenezewa. Nilisema sasa nakwenda kwa fundi wa kuchomelea, achukue bomba la inchi mbili, anipe kitu cha kazi. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya Kariakoo. Alitaka kuchomelea moja kwa moja kwenye chesisi, nikakataa, na nakushauri nawe ukatae: moto wa kuchomelea unabadilisha nguvu ya chuma pale ulipopita, na chesisi ndiyo uti wa mgongo wa pikapu. (Ukilazimika kuchomelea chochote kwenye gari, toa kwanza waya za betri. Mafundi wengi wanasahau, halafu kompyuta ya injini inakufa na kila mtu anashangaa.)

Tukakubaliana afunge kwa yuboliti, boliti zilizopinda kama herufi U, zinazokumbatia chesisi. Hapo nilijiona mjanja. Bomba lilikuwa gumu kweli, vijana watatu walisimama juu na halikusogea. Ila alitumia bomba la maji lenye zinki bila kuikwangua vizuri pa kuungia, na miezi michache baadaye kila kiungo kilikuwa na kutu ya rangi ya chai. Zinki ikiungua ndani ya weldi inaacha vitundu, na moshi wake ni mbaya kwa mchomeleaji mwenyewe; yule bwana alilala na homa jioni ile, akadhani ni malaria.

Kutu ningeivumilia. Kilichonifanya nizing'oe ni fundi wa breki, mzee mmoja mpole, aliyeingia chini kubadilisha kitu kingine kabisa akaniita. "Njoo uone mwenyewe, Baba Zuhura, mimi sisemi." Yuboliti ya upande wa dereva ilikuwa imelalia bomba la breki linalopita ubavuni mwa chesisi. Lilikuwa limeshasuguliwa mpaka linang'aa. Nilikuwa nashuka nalo mlima wa kwenda Mombo kila wiki, kona juu ya kona, gari limejaa kabichi. Sikula mchana ule.

Kwa hiyo kabla hujaangalia rangi wala mng'ao, ingia chini ya gari na tochi. Tazama ngazi inashikwa wapi, na kinachoshika kinapita karibu na nini. Mabomba ya breki, ya mafuta, waya. Dakika kumi tu.

Kabla ya seti ya tatu nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo: nilimpima mama. Nilipaki gari uwanjani kwake, mahali pa tambarare, nikachukua matofali ya kuchoma nikayapanga chini ya mlango. Tofali mbili, akasema hapo mguu unapanda lakini kutoka hapo kwenda ndani bado ni mbali. Tofali nne, goti likagoma. Tofali tatu, akapanda, akakaa, akafunga mlango, akauliza tunakwenda wapi. Nikapima: sentimita 34. Wajukuu walicheka sana, bibi anapanda na kushuka kama anajaribu viatu. Nikaandika ile namba kwenye mkono kwa kalamu nikaenda nayo dukani.

Safari hii muuzaji wa duka la kwanza alinitolea bomba linalong'aa la inchi tatu, akaapa ni stenlesi. Nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Ikanasa pwaa. Hiyo mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na kromu ikichunika kwa jiwe, kutu inaingia chini yake na kuivua kama ganda la kitunguu. Muuzaji akanuna. Lakini niseme ukweli, sumaku isiponasa bado hujamaliza kazi: kuna stenlesi ya daraja la 304 na ya 201, zote mbili kwa kawaida hazinasi, na 201 inawahi kupata kutu. Kama unakaa Tanga mjini au Pangani, hewa ya chumvi hiyo, uliza daraja na uandikiwe kwenye risiti. Sisi wa milimani tunaweza kwenda na chuma cheusi.

Na pia bomba la duara peke yake silipendi. Linapendeza kwenye picha, ila unyayo wa mtu mzima unakanyaga mstari mmoja tu wa bomba, na likilowa ndiyo basi. Lenye umbo la yai ni nafuu. Nililochukua mimi ni chuma cheusi chenye vibao vya kukanyagia chini ya kila mlango, na vibao hivyo vimetobolewa vitundu vyenye midomo iliyoinuka, kama kikwangulio cha karoti. Tope linapita kwenye vitundu, raba ya kiatu inashika. Kila upande una mikono mitatu, na yote inafungwa kwenye matundu ambayo chesisi ya Vigo ilikuja nayo, boliti nene za spana 17, bila kutoboa wala kuchomelea. Kazi ilituchukua asubuhi moja, mimi na kijana wangu, jeki moja ikishikilia ngazi wakati tunaweka nati. Bei, laki tano na nusu kabla ya nauli. Iliniuma.

Kwenye gari langu imekaa sentimita 36 kutoka chini. Si 34, lakini mama alipitisha. Nilichosimamisha mwishoni mwa ngazi safari hii ni gunia la viazi na mtu juu yake, na kwa tepu sikuona hata nusu sentimita.

Jambo ambalo nisingelijua bila mama ni upana wa kujitokeza. Ngazi ikijificha ndani sana, vidole tu ndivyo vinavyopata pa kukaa. Ikitoka nje sana, mwanamke aliyevaa kanga au gauni anaifuta yote kwa nguo wakati wa kushuka, na mwanamume anarudi nyumbani na mstari wa tope kwenye miguu ya suruali. Hii yangu imetoka kiasi cha kuchukua nusu ya unyayo na zaidi, na bado mke wangu analalamika. Ameweka kitambaa mfukoni mwa mlango, anafuta kwanza. Nimenyamaza.

Ubaya wake? Upo. Wiki mbili baada ya kufunga ilianza kulia, ngi ngi ngi, kwenye kila jiwe. Nati mbili zilikuwa zimelegea. Nilizikaza tena, nikaweka washa za springi, sauti ikaisha, na sasa kila nikibadilisha oili naingia chini na spana. Rangi imechunika pale mabuti ya vijana yanapogonga, nimeshaipiga brashi mara mbili. Vifuniko vya plastiki mwishoni mwa bomba, kimoja kilipotea mapema na maji yakaanza kuingia. Nilitoboa kitundu kidogo kwa chini yatoke, maana bomba linalohifadhi maji linaoza kwa ndani huku nje unalisifia.

Na nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari imepungua. Kuna kivuko kimoja njia ya kwa shamba la hoho, tuta lenye mgongo katikati, ambapo sasa ngazi inagusa nisipopita mshazari. Anayepita mawe makubwa kila siku atafute vile vyuma vizito wanavyofunga watu wa porini, vilivyotengenezwa vibebe uzito wa gari lenyewe likilalia mwamba. Hizi si hizo. Usizitie jeki hata siku moja. Zimetengenezwa kwa uzito wa mtu, na mtu mwenyewe apande aingie ndani.

Hilo la mwisho limeniletea ugomvi. Vijana wakishaona ngazi imara wanataka kudandia, wawili kila upande, mkono kwenye paa, tunapanda kutoka bondeni. Nimesimamisha gari mara nne na kuwashusha watembee. Sasa wananiita Trafiki nyuma ya mgongo wangu.

Nikiulizwa, seti hii ya tatu naipa nane kwa kumi. Moja nimeitoa kwa rangi, moja kwa ile kelele.

Mama anapanda sasa bila kushikwa, anashika kile kishikio cha juu, mguu, mguu, yuko ndani. Kushuka ndiko bado. Anashuka kinyumenyume, ananung'unika kwa Kisambaa, na kile kigoda alichokuwa akikitumia zamani hakubali nikitoe nyuma ya kiti. Jumatano iliyopita nilikitoa kwa siri nipate pa kuweka kreti ya nyanya. Alifungua mlango, akaangalia nyuma ya kiti, akafunga mlango, akasimama nje akinisubiri nikakilete.