Vifungio vya mawe yaliyong'arishwa: kipi kinahimili hewa ya Mombasa?

Kuyang'arisha mawe kwa pipa la kuzungushwa na mota ni kazi ya wiki nne hivi za subira na umeme. Kinachowashinda wengi ni kinachofuata: mawe yanajaa mkebe, yanang'aa, hayana kazi. Kwa anayetaka kuyageuza kidani au hereni, Mombasa kuna njia tatu zinazopatikana bila taabu: pakiti za kofia (vikofia vya kubandikwa juu ya jiwe) na gundi, waya wa shaba, na kutobolewa na fundi. Tumezipima kwa kigezo kimoja, nacho ni jasho na hewa ya chumvi. Waya unaongoza, na kwa mbali.

Kabla ya kununua chochote, lipanguse jiwe kwa kitambaa cheusi kikavu. Likiacha unga mweupe, poda ya kung'arishia ingali imejificha kwenye nyufa, na gundi haishiki juu ya poda. Yarudishe mawe kwenye pipa safi, tia maji ya kuyafunika, na kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya kipande iliyokwanguliwa kwa pipa la kilo moja na nusu. Lizunguke saa chache, kisha suuza hadi maji yatoke safi.

Sasa pakiti. Zinazouzwa mtandaoni kwa kawaida zina vikofia vya bati vyenye majani kama ua, vipete vidogo vya kuunganishia na mrija wa gundi. Kazi yenyewe ni nyepesi, na hilo ndilo linalouza. Tatizo la kwanza ni kofia. Nyingi ni madini ya zinki yaliyopakwa rangi ya dhahabu au fedha, na huo mpako ni mwembamba mno. Shingoni mwa mtu anayetoka jasho mchana kutwa, mpako huchujuka kwanza pale kipete kinaposuguana na kofia, kisha kijani au weusi hujitokeza. Wengine ngozi huwawasha, hasa kofia ikiwa na nikeli. Ukipenda njia hii, nunua kofia za chuma cha pua peke yake, na kama muuzaji anataja namba, 316 inahimili chumvi kuliko 304.

Tatizo la pili ni gundi. Supagluu usiitie kwenye jiwe lililong'arishwa, hata ukiwa na haraka ya sikukuu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kuizunguka kofia, na unyevu wa hewa yetu huuzidisha. Tena ikikauka huwa ngumu isiyonepa, kwa hiyo kidani kikianguka sakafuni jiwe hubanduka zima, safi, kama halikuwahi kubandikwa. Gundi inayofaa ni epoksi ya mirija miwili, ambayo haikosekani kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Chagua ile inayokauka polepole. Ya dakika tano ni dhaifu zaidi mbele ya maji.

Namna ya kuitumia ndiyo inayoamua. Kunja majani ya kofia kwa koleo ndogo hadi yalale juu ya jiwe bila gundi, kwa sababu ukiyakunja baadaye utaitingisha gundi kabla haijashika. Piga msasa namba 400 mahali pale pa kofia tu hadi mng'ao upotee. Gundi haina pa kung'ang'ania kwenye uso laini kama kioo. Futa kwa spiriti, na baada ya hapo usiliguse kwa kidole. Changanya sehemu sawa kwa sawa kwa dakika nzima. Wengi hukosea hapa kwa kukisia, na mrija mmoja ukizidi gundi hubaki inanata hata kesho. Lisimamishe jiwe kwenye sahani ya mchele mkavu, kofia juu, uliache saa 24. Gundi iliyofura pembeni iondoe kwa kijiti cha meno ikiwa imeanza kuganda, haijawa ngumu.

Waya hauhitaji gundi wala kofia, na kila kosa unaweza kulifungua. Wa fremu uwe na unene wa 0.8 mm, wa kufungia 0.4 mm. Usikimbilie duka la mapambo: waya wa umeme wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 ulio na nyuzi saba, ukiuchuna plastiki, kila uzi una takriban 0.67 mm za shaba laini, unatosha kabisa kwa fremu. Ule mwembamba uombe kwa fundi wa kusuka mota. Unakuja umepakwa vanishi nyekundu inayouzuia kushika kutu hadi ikwaruzwe.

Kwa jiwe la urefu wa sentimita mbili na nusu, kata vipande viwili vya fremu, sentimita 30 kila kimoja. Vilaze sambamba, vifunge pamoja katikati kwa mizunguko mitano ya waya mwembamba, kisha uvitanue pande mbili na uketishe kitako cha jiwe hapo. Pandisha nyaya kufuata kingo, vikutane juu, visokote mara mbili. Ncha mbili fanya kitanzi juu ya msumari wa milimita nne, ncha mbili zizungushe shingo ya kitanzi na uzikate. Kabla ya kukata, libonyeze jiwe kwa kidole gumba mbele na nyuma. Likichezacheza, shika waya wa mbele kwa koleo uupinde kidogo kama herufi Z. Hapo hujikaza wenyewe. Ncha zilizokatwa zipige tupa, maana uzi mmoja ukibaki na makali utachana leso ya mtu.

Shaba nayo huwa nyeusi, hatukatai, na huacha alama ya kijani shingoni. Ila husafishika kwa limau na chumvi, suuza, kausha. Mawe kama kwatzi, akiki na yaspi hayaguswi na limau. Marijani, malakaiti na mawe yote ya chokaa huliwa nalo, mng'ao ukaondoka kwa dakika. Asiyetaka usumbufu aende kwa sonara Mji wa Kale, aagize fremu hiyohiyo kwa fedha, na aulize bei ya gramu na bei ya ufundi, kila moja peke yake.

Kutoboa kunafaa kwa shanga na hereni, si kwa kila jiwe. Akiki na yaspi hustahimili. Amethisti yenye nyufa hupasuka biti inapokaribia kutoka upande wa pili. Fundi mzuri hutumia biti ya almasi ya 1 hadi 1.2 mm, jiwe likiwa limezama kwenye trei ya maji, akigusa na kuinua ili maji yaingie, kisha huligeuza na kumalizia kutoka nyuma. Muulize mapema, "Fundi, unatoboa ndani ya maji?" Akisema anatoboa pakavu, ondoka na mawe yako. Biti yake inaungua, na vumbi la kwatzi ni sumu ya mapafu, yake na yako uliyesimama hapo. Kama una kipande safi cha tsavoraiti, kito cha kijani kutoka Taita-Taveta, hicho si cha pipa wala cha kutobolewa. Kipeleke kwa mkata vito.

Mawe yasiyopata shingo yanafaa kwa bao, na hapa wengi hawafikirii. Bao la Kiswahili linataka kete 64. Chagua mawe ya sentimita moja na nusu hadi mbili, ukubwa wa komwe, yawe ya mviringo na yakaribiane uzito, kwa sababu mkono wa mchezaji hukisia kete kwa kushika. Yapime kwenye nyumba, lile shimo kubwa la bao: yakijaa kumi na mawili na hayamwagiki, saizi ni hiyo. Kasoro yake ni kelele, na mawe hukwaruza bao la mti laini.

Kuyaweka kwenye bakuli la maji ni pendekezo la kawaida ambalo Mombasa halitufai sana. Maji ya kisima yakipungua huacha mstari mweupe wa chumvi kwenye mawe, na yakikaa wiki nzima mbu watataga. Yapange makavu, mbali na dirisha la jua kali ikiwa ni amethisti au kwatzi ya waridi, kwani rangi zake hufifia.

Yaliyovunjika wakati wa kutoboa usiyatupe wala usiyachanganye na mengine kwenye hatua ya mwisho. Kingo zake kali zitayakwaruza yaliyokwisha kung'aa. Yatenge, yaanze upya na unga wa kusagia wa hatua ya kwanza, ule wa chembe kubwa, pamoja na fungu jipya.